Tarakimu ya Mwisho

Namba pungufu haipokelewi na mtu. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Lakini alasiri ile modemu ya kompyuta ilipiga simu, ikalia weee, na huko upande wa pili kitu kikapokea.

Fundi cherehani akasimamisha mguu kwenye pedeli. Ni yeye peke yake aliyejua kuwa namba ile ni pungufu, maana aliipunguza mwenyewe.

Nisimfiche, wivu ulimkaba. Mumewe ni mwalimu wa hesabu, na tangu apakie mfumo wa Linux kwenye kompyuta yao ya mtumba hakuwa na habari na mtu. Wiki tatu yuko pale konani, anaandika amri, anafuta, anaandika tena, ili apate intaneti kupitia waya wa simu ya nyumbani. Mwanamume ambaye haipiti saa bila kuita "mke wangu, mke wangu", leo chai inapoa mbele yake! Siku moja alimwonyesha faili lenye namba ya kampuni ya intaneti.

"Modemu inasoma hapa, mke wangu, halafu inapiga yenyewe."

Angejua asingesema. Alipoingia kuoga tu, fundi alilifungua lile faili, akafuta tarakimu ya mwisho, akahifadhi. Na ipige mpaka ichoke, alijisemea.

Sasa imepokelewa.

"Nimempata," mwalimu alinong'ona.

"Umempata nani? Hebu zima hiyo, tule."

"Shh! Anaongea."

Ndipo chumba kikaanza kunukia udi, na nyumba ile haikuwa na udi hata chembe. Modemu, ambayo ikishaunganika hunyamaza, haikunyamaza, bali mlio wake ulishuka, ukalainika, ukawa pumzi, ukawa kicheko cha chinichini cha mwanamke aliyekaribishwa mahali alipokuwa akipatamani siku nyingi, na mwalimu akacheka naye, taratibu, kama alivyokuwa akicheka na mkewe walipooana.

Fundi akainuka, akamsogelea. Majuto ni mjukuu.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ya chini, huku akimtikisa bega, "nisamehe. Ile namba niliiharibu mimi. Huyo siye. Nakuomba uzime."

Mwalimu hakugeuka. Mikono yake ilikuwa mapajani, wala haikugusa kibodi, lakini kwenye kioo cha kompyuta herufi zilikuwa zikijipanga moja moja:

*Ahsante kwa namba, mke mwenza. Zamu yako imekwisha.*

Mke mwenza! Loo, yeye aliyeshindwa kuvumilia mashine!

Alinyakua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akaurukia waya wa simu, akaukata. Taa za modemu zikazimika. Kicheko kikakatika. Hata udi ukatoweka, na fundi akakaa chini sakafuni, akalia kwa nafuu aliyoipata.

Mwalimu alipepesa macho. Aliutazama mkasi, akamtazama yeye, kisha akasimama kwa adabu na kufunga vifungo vya shati, kama afanyavyo akijiwa na wageni.

"Pole, dada, mbona unalia?" aliuliza. "Umefuata nguo zako? Subiri kidogo, mke wangu anaoga."

Na kweli, kule bafuni, maji yalikuwa yakimwagika.