Jenereta Nyuma ya Gari

Haya yalimpata rafiki yangu, dereva, na aliyenisimulia ni yeye mwenyewe. Alikuwa anamhamisha mama yake kwa gari lenye kitanda na jiko ndani. Mama alipumua kwa msaada wa mashine, na mashine ilitegemea jenereta iliyokaa kwenye chanja ya chuma nyuma ya gari. Rafiki yangu aliifunga kwa mikanda miwili na mnyororo wenye kufuli, akaiwasha.

"Umekaza kweli?" dada yake aliuliza.

"Dada, hiyo ikitoka, ujue na gari limetoka."

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Giza liliwakuta njiani, na mvua juu yake. Rafiki yangu alikuwa hoi. Kilichomfanya asisinzie ni ule mngurumo wa jenereta nyuma: ukisikika, mama anapumua. Haukukatika hata mara moja.

Walipofika, alizunguka nyuma na tochi kuangalia mafuta. Kufuli lilikuwa limefungwa. Mikanda ilikuwa imekaza vilevile, imepinda kwenye kona kama inavyopinda juu ya mzigo. Chini yake hapakuwa na kitu; jenereta haikuwepo. Mwanga wa tochi ulipita ukagonga bodi ya gari.

Mngurumo ulikuwa unaendelea, palepale mbele yake.

Dada yake alichungulia dirishani. "Kaka, usizime kwanza. Mama ndiyo kwanza amepata usingizi."

Alipenyeza mkono chini ya mikanda. Palikuwa na joto, na palikuwa panatetemeka.