Ng'ombe wa Mzee Yiamat Hawahesabiwi

Mwezi wa saba, Kaloleni, baridi ya kukata masikio. Mgahawa wa maziwa karibu na uwanja ulijaa mpaka watu wanakunywa wamesimama, na Ndeshi alikuwa amekalia meza nzima peke yake na laptopu yake. Sweta la rangi ya haradali lilimkaa vizuri, rasta amezifunga juu kwa kitambaa, ila uso ulikuwa wa mtu anayekaribia kulia mbele za watu.

"Dada, hapa pana mtu?"

Aliyeuliza ni Lesian, ambaye ndiye huleta hayo maziwa kwa pikipiki kutoka kwao Kisongo. Koti la ngozi, shuka nyekundu shingoni, raba zenye tope.

"Kaa tu."

Akakaa, akachungulia maandishi mekundu kwenye kioo. "Imekukasirikia?"

"Kila siku. Najifunza kuandika programu. Wiki nzima niko kwenye mistari mitano."

"Uliiamkia kwanza?"

Ndeshi akacheka bila kupenda.

"Usikate tamaa," Lesian akasema. "Mimi ng'ombe wa kwanza kumkamua alinipiga teke la mdomo. Hili pengo ni lake."

"Pole na jino."

"Pole na mistari."

Basi, mapenzi yakaanzia hapo, kwenye maziwa mgando na maandishi mekundu. Asubuhi simu, mchana simu.

"Umeamkaje, fundi wangu?"

"Fundi gani, Lesi? Nimeiambia ijumlishe mbili na mbili, imenipa ishirini na mbili."

"Usiifute hiyo. Ipeleke sokoni Kilombero ikauze vitunguu, tutatajirika."

"Mjinga wewe."

"Mjinga wako."

Darasani kwao, mwalimu akataka kila mwanafunzi atengeneze programu ya kumsaidia mtu anayemfahamu. Ndeshi hakufikiri mara mbili. Jumapili Lesian angempeleka nyumbani akatambulishwe kwa baba yake, Mzee Yiamat, na mkwe wa kweli haendi mikono mitupu. Akapiga simu kuomba majina ya ng'ombe wa mzee. Lesian, amelala chali kwenye majani huko malishoni, akayataja yote: Naibor mweupe, Nanyokie mwekundu, Narok mweusi anayependwa na mzee kuliko wote. Wala hakuuliza programu itayafanyia nini majina hayo. Nikikumbuka hilo natamani kumchapa.

Jumapili, baada ya ibada, Ndeshi akafika Kisongo na gauni la kitenge cha bluu na viatu vya chini. "Shikamoo, baba," akainamisha kichwa, na mzee akamgusa utosini kwa kiganja, kama anavyofanyiwa mtoto wa nyumbani. Chai ikaja. Mzee akamuuliza habari za mvua kwao Kimandolu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno, jamani.

"Baba, nimekutengenezea kitu."

Majina yakatokea kwenye kioo cha laptopu moja baada ya jingine. Mzee akayasoma polepole, akatabasamu kwa Narok. Kisha chini kabisa ikatokea jumla, na Ndeshi, kwa fahari ya mtu ambaye programu yake imekubali kwa mara ya kwanza, akaisoma idadi kwa sauti.

Mimi sitaitaja hapa. Mzee yu hai na ana masikio.

Kwa watu wa kabila la Waarusha wa umri wake, mifugo haihesabiwi, wala watoto. Ukitaja idadi umeita kifo kije kuchukua sehemu yake. Ndeshi angejuaje? Kwao Kimandolu wanafuga kuku wa mayai, na wanawahesabu asubuhi na jioni.

Mzee Yiamat akaweka kikombe chini, akachukua fimbo yake, akatoka. Lesian akabaki anaangalia vidole vya miguu yake.

"Kwa nini hukunizuia?" Ndeshi alimuuliza wakiwa njiani, machozi yanamtiririka.

"Baba alikuwa ameshanyamaza."

"Na wewe je?"

"Baba akinyamaza, kwetu hakuna anayesema."

Haikupita muda Narok akashikwa na ndigana. Daktari wa mifugo akaja, akachoma sindano, akaondoka akitikisa kichwa. Lesian akapiga simu, sauti imekauka.

"Baba anasema ulimhesabu. Anasema ukiolewa hapa utahesabu na wajukuu."

"Nimeshaifuta programu, Lesi."

"Umefuta programu. Neno lilishatoka."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui."

"Wewe mwenyewe unataka nini?"

"Nakutaka wewe, Ndeshi. Na kuoa bila mkono wa baba siwezi. Sijui, mpenzi. Kweli sijui."

Ndeshi alikaa kitandani siku nzima na khanga kichwani. Lakini moyo hauna adabu, haukubali kulala. Akampigia tena.

"Kama hahesabu, jioni anajuaje kuwa wametimia?"

"Anasimama langoni. Anaangalia nani hajarudi."

Akaanza upya. Safari hii programu haikuwa na namba hata moja. Inataja jina, inauliza: Naibor amerudi? Ukijibu ndiyo, inakwenda kwa anayefuata. Mwisho inasema: wote wamerudi. Lesian akaiweka kwenye simu ya baba yake. Mzee akaitazama, akaitia simu mfukoni mwa koti.

Wiki ile ile Narok akafa.

"Tuache kwanza," Lesian akasema kwenye simu, akilia.

"Kwanza mpaka lini?"

Tangu siku hiyo pikipiki ya maziwa ikawa inapita mtaa wa nyuma, na Ndeshi akaacha kabisa maziwa. Aliendelea kwenda darasani kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Anaandika mstari, anaufuta.

Alikuwa huko siku moja simu ikaita, namba ngeni. Akatoka kibarazani.

"Ni Yiamat."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akakohoa. "Hiki kitu chako kinaniuliza kama Narok amerudi."

Ndeshi akashika nguzo.

"Najibu hapana. Kinauliza tena. Kila jioni najibu hapana, kinauliza tena. Hakiendi kwa wengine."

Ni kweli. Alikuwa ameipanga isubiri ndiyo. Ng'ombe ambaye hatarudi hakumfikiria kabisa.

"Nisamehe, baba. Ni kosa langu."

"Mtoe basi."

"Sijui kumtoa nikiwa mbali. Hata nikiishika simu naweza nikaharibu na mengine. Mimi ndiyo kwanza naanza, baba. Sijui vitu vingi."

Ndeshi akasikia kengele za ng'ombe, na mtu anaita mbwa.

"Hata mimi sijui kumtoa," mzee akasema. "Nikisimama langoni namtafuta. Daktari aliniambia ni kupe, mimi nikasema ni wewe. Ilikuwa rahisi kusema ni wewe."

Ndeshi alikuwa analia wazi sasa, wenzake wanamwangalia dirishani.

"Lesian yuko hapa anajifanya anafunga kamba. Hali, halali, maziwa anamwaga njiani. Amenichosha." Mzee akavuta pumzi. "Jumapili njoo. Uje na baba yako na mama yako, mambo haya hayaongewi na vijana."

"Naam, baba."

"Na Narok usimtoe. Kifundishe tu kiulize mara moja."