Maji Ndani ya Oili

Kila asubuhi Mama Pacha ndiye aliyetangulia gatini. Alihesabu jaketi za kujiokolea, akafuta viti, kisha akasimama kwenye ngazi kupokea abiria. Boti yao ilivusha watu kwenda ng'ambo: wauguzi, wauza nguo, wanafunzi, wagonjwa na wanaowasindikiza. Mumewe, Baba Pacha, alishika usukani. Kaka mdogo wa Mama Pacha alifunga na kufungua kamba, akaosha boti jioni na kutunza ufunguo. Watu walimwita Kimya, kwa sababu ukimpa salamu alikurudishia nusu.

Injini ya boti ilikaa ndani, nyuma kabisa. Nje, nyuma ya ukuta wa boti, ulining'inia mguu wake. Ndani ya mguu mna gia, na chini yake ipo propela. Shafti hutoka kwenye injini, hupenya ukutani na kuzungusha zile gia. Gia zenyewe huogelea kwenye oili.

Jumamosi moja Baba Pacha alichomoa kifimbo cha kupimia oili ya gia. Akakodoa macho. Oili ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa.

"Mama Pacha, hebu njoo uone."

"Kuna nini?"

"Maji. Mtu ametia maji kwenye oili."

"Mtu? Mtu gani tena?"

Baba Pacha alimtupia jicho Kimya, aliyekuwa anapita na ndoo ya maji mkononi.

Baba Pacha akamwaga oili ile na kutia mpya. Haikupita wiki, ikawa nyeupe tena. Akabadilisha tena. Ikaharibika tena. Sasa akawa halali vizuri. Mezani alimwangalia shemeji yake anavyokula. Gatini alimwangalia anavyotembea. Alikumbuka kwamba Kimya aliwahi kuomba afundishwe kuendesha, na yeye akamkatalia.

"Ana kinyongo," alimwambia mkewe. "Anataka boti iharibike, mimi nionekane sifai."

"Ndugu yangu hana roho hiyo."

"Ufunguo anao nani? Ndoo anayo nani? Na kwa nini haongei?"

"Hajawahi kuongea tangu azaliwe, Baba Pacha! Ulitaka aanze leo?"

Siku moja Baba Pacha alimwona Kimya nyuma ya uzio wa gati, kwenye karakana ya Bi Spana. Bi Spana alikuwa fundi wa boti, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Lakini siku hiyo alikuwa ananong'ona. Kimya naye alikuwa ananong'ona, huku akizungusha kidole hewani. Walipomwona Baba Pacha, wakanyamaza.

Kumbe ni njama! Mmoja anaharibu, mwingine anatengeneza, kisha wanagawana. Akamvizia shemeji yake kwenye lango la gati, abiria wakipita.

"Lete ufunguo."

"Shemeji, nilitaka kukuambia, boti inanguruma tuki..."

"Nimesema lete ufunguo! Wewe ndiye nahodha? Kesho usikanyage gatini."

Kimya akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Baba Pacha, akaenda nyumbani kukusanya nguo. Mama Pacha alimkuta mlangoni na begi.

"Mwambie basi kwamba si wewe!" alisema dada yake, machozi yakimlengalenga.

"Dada, ameshaamua," alisema Kimya. Akaondoka.

Nyumba ikapoa. Mke na mume walizungumza kuhusu chumvi na sabuni tu. Baba Pacha alinunua kufuli jipya. Tena akapaka grisi nyekundu kwenye kila nati ya kufungulia oili, nyembamba kama rangi ya kucha. Mtu yeyote akigusa, ataacha alama ya kidole. Kila asubuhi alipiga magoti kuchungulia. Grisi ilikuwa vilevile. Kufuli lilikuwa vilevile. Akachomoa kifimbo. Oili nyeupe.

"Anapita wapi huyu?" alijiuliza. Sasa alianza kumshuku hata mlinzi wa gati.

Siku iliyofuata walikuwa wamejaza abiria. Mwanamume mmoja alikuwa amempakata mtoto mwenye homa kali, wanakwenda hospitali ya ng'ambo. Walipokaribia mawe ya kukinga mawimbi, Baba Pacha alikata kona. Nyuma kukasikika mngurumo, kama mtu anasaga kokoto. Kisha, kra! Injini ikazimika. Boti ikaanza kusukumwa na maji kuelekea kwenye mawe.

"Nanga!" Mama Pacha alipiga kelele mwenyewe, akaitupa mwenyewe. Kamba ikakazika. Boti ikasimama, mawe yakiwa karibu kiasi cha kuona kaa wakikimbia juu yake.

Hakuna aliyeumia. Boti nyingine ilikuja kuwachukua abiria. Mwenye mtoto alipokuwa anahama, alimgeukia Baba Pacha.

"Ulijua boti mbovu, ukatupakia?"

Baba Pacha aliinama akashikilia kamba ya boti ile nyingine.

Walipovutwa hadi gatini, Mama Pacha alipiga magoti nyuma ya boti. "Njoo hapa," alimwambia mumewe. "Grisi yako hii hapa, haijaguswa. Kufuli lako hili hapa. Kimya hayupo wiki ya tatu sasa. Haya niambie, mharibifu ni nani?"

Baba Pacha aliigusa grisi kwa kidole, alama ikabaki.

"Ninamwita Bi Spana," alisema mkewe.

"Huyo ndiye..."

"Ninamwita."

Bi Spana alifika akiburuta sanduku la zana. Boti ilikuwa imeshapandishwa nchi kavu. Baba Pacha alisimama mikono kifuani.

"Najua hunipendi," alisema Bi Spana. "Vizuri. Simama karibu, macho yote kwangu. Sitaki kesho useme nimekuuzia hewa."

"Nitasimama, usijali."

Alifungua nati ya chini ya mguu. Kwanza yalitoka maji. Baadaye oili nyeupe, ikiwa na vumbi la chuma linalometameta. Akafungua nati zilizoshikilia mguu, wakauvuta wote kwa pamoja hadi ukachomoka, na shafti yake. Kwenye tundu la ukutani palikuwa na mpira mnene wenye mikunjo. Bi Spana aliutanua kwa vidole. Katikati ya mikunjo miwili palikuwa na ufa.

"Mharibifu wako huyu," alisema. "Shafti huuvaa mpira huu kama soksi ili maji yasiingie. Jua na umri vimeupasua. Boti ikisimama, unaona mzima. Ukikata kona, unatanuka, maji yanaingia."

Baba Pacha aliinama akaangalia. Aliutanua mwenyewe. Akauachia. Akautanua tena.

"Na maji yalifikaje kwenye oili? Gia zimefungwa."

"Swali zuri. Tazama hapa. Shafti inapoingia kwenye gia kuna sili, pete ya mpira inayoikumbatia. Nyuma yake kuna beringi, hili duara la chuma lenye vipande vinavyobingirika. Beringi huishika shafti isitikisike. Maji yalikaa hapa, chuma kikaota kutu, kutu ikaitafuna sili. Sili ilipoisha, maji yakaingia ndani kwenye oili na kula beringi. Shika, zungusha."

Baba Pacha akazungusha shafti. Krr, krr, krr. Aliusikia mkononi ule mngurumo wa kwenye mawe.

"Basi tia sili mpya tumalize," alisema.

"Hapana."

"Aa! Nilijua. Sasa unaanza kuongeza kazi."

Bi Spana hakukasirika. Alivuta mkono wa Baba Pacha. "Pitisha ukucha juu ya shafti. Hapo sili ilipokuwa inakaa."

Ukucha ulipita, ukakwama kwenye mfereji mdogo.

"Sili mpya haiwezi kuziba mfereji huo," alisema Bi Spana. "Na beringi ikiwa imelegea, shafti inacheza. Ikicheza, inaitafuna sili mpya. Mwezi hauishi, tunarudi hapahapa. Vinabadilishwa pamoja: beringi, sili, shafti iliyochimbika na ule mpira wa mikunjo. Na gia nazikagua moja moja. Hutaki, tafuta fundi mwingine. Mimi sitaki boti yenye jina langu iue watu."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Baba Pacha alitazama ukucha wake.

"Fanya," alisema.

Vipuri vilipofika, Baba Pacha hakubanduka karakanani. Alilinganisha beringi mpya na ile ya zamani. Mpya ilizunguka bila sauti. Aliona Bi Spana akisafisha kila kitu mpaka vumbi la mwisho. Beringi aliisukuma kwa presi, mashine ya kukandamiza, taratibu.

"Kwa nini usiigonge kwa nyundo? Wengine hugonga."

"Ukigonga, unaipa kidonda kabla haijaanza kazi. Na ukisukuma, beringi ina pete mbili: sukuma ile inayobana shafti. Usisukume pete nyingine."

Sili zilikuwa mbili. Alizipaka grisi kwenye kingo zake za ndani. Moja iligeuzwa ndani, nyingine nje.

"Hii inazuia oili isitoke," alieleza. "Hii inazuia maji yasiingie. Ukizikosea upande, umetia mlango na kuuacha wazi."

Alikaza nati kwa spana yenye kipimo, akifuata kitabu cha watengenezaji. Beringi isilegee, wala isibane mno ikaungua. Hatimaye, kabla ya kutia oili, alifunga pampu ndogo yenye saa ya kupimia msukumo wa upepo na kujaza upepo ndani ya mguu. Akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote.

"Pakivuja, povu litachemka. Kaeni muangalie."

Wote watatu walikodolea macho mshale wa ile saa. Haukusogea. Povu lilitulia. Ndipo Bi Spana akasukuma oili kutokea chini, mpaka ikachungulia kwenye tundu la juu, ili hewa isibaki ndani.

Bi Spana alipokuwa anafuta mikono, Baba Pacha alimuuliza kwa sauti ya chini, "Siku ile, wewe na Kimya, mlikuwa mnanong'ona nini?"

Bi Spana akaacha kufuta. "Alikuja kuniambia boti inanguruma mkikata kona. Alikuwa ananionyesha kwa kidole usukani unavyogeuka. Nikamwambia ni mpira au beringi, akakuambie usimamishe boti haraka. Alisema anaogopa utadhani anataka usukani wako. Hakukuambia?"

Baba Pacha alikaa juu ya sanduku la zana. Kisha akainuka kwenda kumtafuta shemeji yake.

Alimkuta Kimya kwenye karakana ya makochi alikopata kibarua, anapigilia kitambaa, misumari mdomoni.

"Shemeji, nimekukosea," alisema. "Nilikuita mharibifu moyoni mwangu. Nikakufukuza mbele ya watu. Nisamehe."

Kimya alitema misumari kiganjani. "Bi Spana asingeufungua ule mguu, ungeniamini lini?"

"Sijui," alisema Baba Pacha.

Kimya akatikisa kichwa. "Angalau hilo ni la kweli." Akapigilia msumari mmoja. "Nikirudi, nikasema kitu hakiko sawa, utasimamisha?"

"Nitasimamisha."

"Hata boti ikiwa imejaa?"

"Hata ikiwa imejaa."

Kimya alimaliza kwanza kochi la watu. Wiki iliyofuata akarudi gatini.

Tangu hapo oili haikuwa nyeupe tena. Mara moja kwa mwaka boti hupandishwa nchi kavu. Mguu huchomolewa, mpira wa mikunjo hutanuliwa kwa vidole, na shafti huzungushwa kwa mkono. Mama Pacha hajatupa tena nanga kwa hofu.

Asubuhi moja, boti ikiwa imejaa pomoni, Kimya aliinua mkono kutoka nyuma.

"Shemeji, zima."

Baba Pacha akazima papo hapo. Boti ikatulia katikati ya maji.

"Kulikoni? Tunachelewa kazini!" muuguzi mmoja alilalamika.

"Shemeji amesema tuzime," alisema Baba Pacha.

Kimya aliinua mguu wa boti kwa kitufe, akainama, akavuta mfuko wa plastiki uliojizungusha kwenye propela. Akaurusha ndani ya ndoo ya taka.

"Tayari," alisema.

Baba Pacha akawasha injini. Walisikiliza kidogo, wote wawili. Kisha boti ikakata kona kuelekea ng'ambo, bila kunguruma.