Chumvi Kitaluni Riruta

Miche mia sita ya miparachichi ilikuwa imekufa ikiwa imesimama wima.

Inspekta Munyiva alipita katikati ya safu, asubuhi hiyo ya Machi 2006, huku Mama Waceke, mwenye kitalu, akimfuata akilia.

"Ni jirani yangu, Mbuthia. Alionekana Jumapili akiruka ua. Vijana wako wameshamtia seli."

Miche kumi na miwili tu ya pembeni ilikuwa mizima. Munyiva alichuma jani la mche uliokufa. Ncha ilikuwa imeungua. Majani ya chini yalikuwa na hali mbaya zaidi. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe. Akaugusa kwa ulimi, akatema.

"Chumvi!"

Saa nane mchana alikuwa maabara katikati ya jiji. Mkemia Kihara alimsukumia matokeo.

"Chumvi nyingi ikimwagwa mara moja, mche hunyauka ungali kijani," alisema. "Hii ilinyweshwa kidogo kidogo. Mizizi ikashindwa kuvuta maji, chumvi ikapanda ikajaa kwenye majani ya zamani."

"Kwa muda gani?"

"Wiki sita hivi."

Mbuthia aliruka ua mara moja tu, na alishikilia kwamba alifuata kuku wake. Nani alishika ndoo wiki sita?

Alirudi Riruta mbio. Akamkuta Dalmas, fundi wa kubebesha miche, yaani kuunganisha tawi la mti mmoja kwenye shina la mwingine, akifagia.

"Nani humwagilia hapa?"

"Mimi, afande. Miaka tisa."

"Na ile kumi na miwili ya pembeni? Mbona ni mizima? Hukuimwagilia?"

"Niliimwagilia maji yale yale!"

"Maji yepi, Dalmas?"

Ufagio ukamponyoka. Waceke akasogea.

"Ile ni mbegu yangu," Dalmas alisema. "Niliupata mti wake Kitengela, unastawi kwa maji ya kisima cha chumvi. Mizizi yake inaizuia chumvi isipande. Wakulima wa kule wanapoteza miche kila mwaka. Nilitia chumvi kwenye ndoo ili mama abaki na hii pekee, aikubali."

"Ukamwacha Mbuthia alale seli?"

"Hilo linaniuma, afande."

Munyiva alitoa pingu. Waceke akamgeukia fundi wake.

"Dalmas, si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia mara tatu, mama. Kila mara ulicheka, ukaniambia nirudi kwa ndoo yangu."