Sahihi ya Soda

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani yake, Mama Sindano huzunguka nyuma ya nyumba kutazama chemba. Ni kifuniko cha zege tu, lakini bomba la maji machafu la mtaa mzima linapita hapo. Mvua ikizidi, uchafu hupanda na kumwagika uani. Siku hiyo kushona hakupo. Yeye na mumewe, fundi viatu, hushika mafagio, na vitambaa vya wateja huhamia kitandani.

Siku moja kiwanja cha jirani kilizungushiwa mabati. Bango lilisema kuwa litajengwa jengo la ghorofa kumi, la familia themanini. Mama Sindano alisoma akapiga hesabu. Vyoo themanini, bomba lile lile.

Mumewe alitaka kwenda kung'oa mabati.

"Ukiyang'oa utalala rumande," mkewe alimwambia, "na chemba itabaki hapa hapa."

Wakaenda ofisi ya mipango miji. Karani alifungua jalada akawaambia kwa upole kwamba wakazi walishakubali. Akawaonyesha karatasi yenye majina. Jina la tatu lilikuwa la Mama Sindano, na mbele yake sahihi yake yenye mkia mrefu.

Hapo akakumbuka. Wiki mbili nyuma, watu wa kampuni ya ujenzi waliita mkutano wa kujitambulisha. Karatasi ilipitishwa: andika jina, tia sahihi, chukua soda. Waliambiwa ni mahudhurio. Kumbe juu yake paliandikwa, "Sisi wakazi tumeridhia mradi huu." Hakupasoma. Fundi asiyekata kitambaa bila kupima alikuwa ametia sahihi bila kusoma, na aibu hiyo alirudi nayo nyumbani.

Jioni, jirani yao mpima ardhi alikuja kuchukua gauni lake. Halikuwa tayari. Badala ya gauni alipewa kisa chote, naye akavuta kiti.

"Kuhudhuria si kukubali," alisema. "Andika barua, useme sahihi ile ilikuwa ya mahudhurio na unaiondoa. Bango limetoa siku ishirini na moja za kupokea maoni, tangu ombi lao lilipofika ofisini. Zimebaki tisa."

"Basi tuandike hatutaki," alisema fundi viatu.

"Mkiandika hatutaki, mtaambiwa mnachukia maendeleo. Na hao themanini nao ni watu, wanatafuta pa kulala. Andikeni jengo litawaumiza wapi. Mna ushahidi gani?"

Mama Sindano akaleta daftari lake la vipimo. Humo huandika kiuno, bega na siku ya kumaliza kazi. Kila alipochelewesha nguo ya mtu, aliandika sababu pembeni, asije akaitwa mwongo. Mpima ardhi alifunua kurasa huku akihesabu. Kwa mwaka mmoja, neno "chemba" lilikuwa limeandikwa mara kumi na tisa, kila moja na tarehe yake.

"Gauni langu limo?" aliuliza.

"Mara mbili," alijibu Mama Sindano kwa unyonge.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa siku nane Mama Sindano alipita mlango kwa mlango. Mpima ardhi alikuwa amemweleza kwamba kila nyumba iandike barua yake, kwa maneno yake, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Asiyejua kuandika alisaidiwa, kisha akasomewa barua yake kabla ya kuweka dole gumba. Siku ya tisa, barua thelathini na nne zilikuwa zimefika ofisini.

Kwenye kikao cha ofisi ya mipango miji cha kusikiliza maoni, mtu wa kampuni aliinua ile karatasi na kusema wakazi wameridhia. Mama Sindano alisimama.

"Sahihi hiyo ni yangu," alisema. "Niliitia kwa ajili ya soda."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Hii ya kwenye barua yangu nimeitia baada ya kusoma. Na hili ni daftari langu. Njooni mfunue chemba, muone kama ninadanganya."

Wahandisi walikuja, wakafunua, wakaziba pua. Uamuzi ulitoka: jengo liwe la ghorofa tano, na kabla ya tofali la kwanza, kampuni ilaze kwa gharama yake bomba jipya kubwa, litakalobeba pia maji machafu ya mtaa.

Sasa jengo limesimama na watu wamehamia. Mvua kubwa imenyesha wiki nzima, na uani kwa Mama Sindano ni pakavu. Wapangaji wapya wamemletea mapazia ya kushona, naye anayashona siku za mvua.

Juzi wote waliitwa kwenye mkutano wa taa za barabarani. Karatasi ikapita, na soda nyuma yake. Ilipomfikia, Mama Sindano alivaa miwani akaanza kusoma mstari wa juu kabisa, polepole.

"Soda yako inapata moto," mumewe alimnong'oneza.

"Iache ipate," alisema, akaendelea kusoma.