Umeshukuru Hata Buti

"Buti, Semahoro. Umemshukuru Mungu kwa buti."

"Donc, nisishukuru? Wewe haujue baridi ya Buffalo. Ule mwezi wa pili, mutu anatoka inje anarudia mulangoni."

"Leseni umeitaja. Kazi ya kudumu umeitaja. Mama yako kufika salama umemtaja, na hapo hata mimi niliitikia amina. Kisha buti. Kisha supu ya kwato ya mgahawani kwa Mama Marita, ukaieleza mpaka pilipili yake. Mimi niko barabarani, simu nimeiweka kwenye spika, nangoja. Nikajiambia, sasa baada ya supu ni mimi. Baada ya supu ukasema Bwana asifiwe."

"Marga, sheri, sikiliza."

"Nimeshasikiliza. Nimeshindwa na kwato za ng'ombe."

Walikuwa wamekaa ndani ya Toyota ya Semahoro, mbele ya duka la vyakula vya Kiafrika upande wa kaskazini wa Columbus. Ilikuwa Jumamosi baada ya Krismasi, mwaka 2015, na manyunyu ya mvua yalianguka kwa uvivu, joto kama la Aprili. Hapakuwa na theluji hata ya kujaza kijiko. Hata hivyo Semahoro, na suti yake ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, alikuwa amevaa zile buti. Margareta alizitazama akaona kama zinamcheka.

Yeye alikuwa amevaa koti jekundu juu ya sketi ya kitenge, na nywele alizosukwa na wifi yake siku ya Krismasi. Hakusukwa kwa ajili ya duka. Alikuwa ameamua tangu Louisville kwamba leo ndiyo leo: mwanamume huyu atamke mbele ya watu kwamba yupo naye, au yeye arudi kwake Okolona, mtaa wa Louisville, na mambo yaishe. Alikuwa mjane, mwenye binti wa miaka tisa na kazi ya zamu ghalani. Mwanamke wa namna hiyo hana muda wa kupendwa kwa siri.

Siku ya kusubiri neno hilo aliichagua kwa makusudi. Kila mwisho wa mwaka, Wakristo wa Burundi na wa milima ya Kivu Kusini waliotawanyika katika miji hii ya Marekani walikutana kwenye laini ya maombi. Ni namba moja ya simu. Wote wanaipiga, wa Louisville, wa Columbus na wa Buffalo, na Mzee Nyarugabo anaongoza. Ukitaka kusema unabonyeza nyota na sita, laini yako inafunguka. Ukimaliza unabonyeza tena, inajifunga, ili kelele za watoto na sufuria zako zibaki kwako. Siku hiyo ya shukrani kila mtu husimulia mazuri aliyoyaona mwaka mzima, na kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote.

Kitu alichokipenda Semahoro kuliko vyote kilikuwa supu. Margareta alikata simu palepale, akakanyaga mafuta.

"Unaona haya nami," alisema sasa. "Sema tu. Kwa sababu mimi ni Mrundi wa kambini, na nimezaa."

"Hapana."

"Kwa sababu mama yako anataka msichana wa milimani kwenu Kivu."

"Mama yangu anataka mutu yeyote mwenye kupumua. Niko na miaka makumi tatu na munane, Marga. Alishachoka."

Margareta karibu acheke, akajizuia kwa kuangalia dirishani. Mwanamke mmoja alikuwa anasukuma toroli lenye gunia la mchele na mtoto juu yake. Ndani ya duka hilohilo, mwezi wa tano, ndiko walikokutana. Palikuwa pamejaa watu kama sokoni, na yeye alinyoosha mkono kwenye friji kuchukua pakiti ya mwisho ya sombe, yaani majani ya muhogo. Mkono mwingine ukaishika upande wa pili. "Mama, niachie," mwenye mkono alisema, "nimeendesha toka Buffalo." Naye akajibu, "Mimi nimetoka Louisville, na nina mtoto." Akaachiwa. Walipofika kwenye foleni, yule mwanamume alikuwa nyuma yake, mikono mitupu, anamuuliza kama hiyo sombe ataitia karanga au mawese. Tangu hapo Columbus ikawa mji wao wa katikati.

"Pale mbele ya mlango," alisema, akioneshea kidole, "ulinishika mkono mwezi wa nane ukaniita roho yako. Watu wanapita. Hukuona haya. Kwenye simu kila siku, 'umekula nini, roho yangu, umelala namna gani.' Leo watu wa majimbo matatu wako kwenye laini, roho yako imekuwa nini? Imekuwa buti."

Semahoro alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Bon. Acha nikueleze namna iko kwetu. Kwetu mutu hataje jina ya mwanamuke mbele ya watu kama wazee hawajaenda kupiga hodi kwao. Ukimutaja, umemuzarau. Ni kama kusema ni mwanamuke wa njiani. Nikikutaja leo, mama yangu anasikia, kaka yako anasikia, wanauliza: wazee walifika wapi? Donc nimekunyamazia juu ya heshima."

"Heshima."

"Ndiyo."

"Na hao wazee wanakwenda lini?"

"Nilishasema na Mzee Nyarugabo. Tangu mwezi wa kumi."

Margareta aligeuka mzima mzima kwenye kiti. "Tangu mwezi wa kumi? Na mimi sijui?"

"Wewe si unaambiwa na wa kwenu, wakishafikiwa? Siyo kazi yangu kukuambia."

"Semahoro, wewe ni mtu wa namna gani? Miezi miwili napika nikilia, kumbe nimeposwa na simu ya watu wengine?"

"Haujaposwa. Bado. Wazee wanatafuta siku."

Simu ya Margareta ikaita. Alikuwa Methodi, kaka yake mkubwa. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani.

"Dada, mwambie huyo bwana azime simu yake."

"Simu gani?"

"Aliyotolea ushuhuda. Laini yake iko wazi. Tunawasikia."

"Nani anasikia?"

"Sisi wote. Mzee Nyarugabo amejaribu kuimba ili awafunike, lakini wewe, dada yangu, una sauti."

"Kuanzia wapi, Methodi?"

"Kuanzia buti."

Margareta aliiweka simu yake mapajani polepole. Aliinua koti la Semahoro lililotupwa katikati ya viti. Chini yake simu ilikuwa inawaka, na saa ya laini inakimbia. Baada ya ushuhuda Semahoro alikuwa amebonyeza nyota na sita mara mbili ili awe na hakika, ya kwanza ikafunga, ya pili ikafungua. Margareta akapandisha sauti.

"...tunamshukuru Mungu kwa ukweli," Mzee Nyarugabo alikuwa anasema, kwa taabu ya mtu anayezuia kicheko. "Semahoro, mwanangu. Mungu akubariki. Tuko wote hapa."

Semahoro aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Honi ikalia. Yule mwanamke wa toroli akageuka kuwatazama.

"Mama Rakeli amefungua laini yake," mzee akaendelea. "Anaomba kusema."

"Semahoro," ikaja sauti kavu ya mama yake. "Tangu nifike hapa Buffalo, kila mwezi unaenda Columbus kununua unga. Nyumba iko na watu wawili. Nilijua kama siyo unga."

Mahali fulani kwenye laini mtu alicheka, akajifunga haraka.

"Na huyo binti," Mama Rakeli akaongeza, "anajua kusema. Sisi nyumbani kwetu tuko watu wa kunyamaza sana. Inatuua."

Margareta alikuwa amejiandaa kwa aibu. Aliingoja ije, kama mtu anayengoja sindano. Haikuja. Kilichokuja ni kwamba mabega yake yalishuka, na akagundua kuwa tangu mwezi wa nane alikuwa anatembea ameyapandisha. Hakuna kilichobaki cha kufichwa. Kaka yake amesikia, mama wa mwanamume amesikia, waumini wamesikia mpaka habari ya kushikana mikono. Akaichukua simu ya Semahoro akaiweka karibu na mdomo.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema.

"Amina," ikajibu miji mitatu, maana wengi walikuwa wamefungua laini ili wasikie vizuri.

"Naitwa Margareta, niko Okolona, Louisville. Kwetu, tangu kambini Mtabila, ukinyamazia jambo siku ya shukrani ni kama umelikana. Kwa hiyo mimi nataja. Mwaka huu nilitoka zamu ya usiku. Binti yangu Irakoze amepata miwani, sasa anasoma ubaoni, kumbe hakuwa mvivu. Nilijifunza kuendesha barabara kuu, na malori yale makubwa yote. Nilijifunza kwa sababu ya mtu mmoja wa Buffalo anayekutana nami njia nusu. Na mnauliza nilichokipenda kuliko vyote. Ni saa ya mapumziko ghalani. Nakaa juu ya boksi, miguu inauma, simu inalia, na mtu ananiuliza nimekula nini, halafu anangoja jibu. Tangu nifiwe na mume wangu hakuna aliyeniuliza hilo akangoja jibu. Mtu huyo anaitwa Semahoro. Amina."

Safari hii amina zilichelewa kidogo. Semahoro alikuwa ameinua kichwa. Aliinama kuifikia simu iliyo mkononi mwa Margareta, mashavu yao yakakaribiana.

"Wapendwa, nilisahau jambo moja," alisema. "Supu ya Mama Marita ni nzuri. Lakini ninaikunywaka peke yangu, nikiwa ninafikiri huyu. Ni hayo."

"Tumeelewa," alisema Nyarugabo. "Basi sisi wazee tutakaa, tutapanga. Labda mwezi wa sita, baridi ikiisha, tufike Louisville kwa utaratibu."

Margareta akatazama mvua ya uvuguvugu juu ya kioo. Mwezi wa sita. Tangu mwezi wa kumi walikuwa wanatafuta siku. Mwezi wa sita wangetafuta nyingine. Aliwajua wazee. Na alijijua mwenyewe: akirudi leo Louisville na ahadi tu mkononi, kufika Jumatatu atakuwa ameanza tena kuhesabu makosa.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema. "Wewe si unakaa hapahapa Columbus?"

"Marahaba. Ndiyo, binti."

"Umevaa?"

"Nimevaa shati ya ibada."

"Ongeza koti. Semahoro anakuja kukuchukua sasa hivi. Jioni mtakuwa kwa Methodi." Akamgeukia mwanamume wake, simu ikiwa bado wazi, kwa sababu kuifunga hakukuwa na maana tena. "Mimi sitaki mwezi wa sita. Nikirudi leo peke yangu, mji huu hutaniona tena. Uko tayari au huko tayari?"

Semahoro alifungua mlango, akaruka dimbwi kwa zile buti, akaingia dukani karibu kukimbia. Alitoka anasukuma toroli lenye kreti za Fanta, na mfuko wa sukari juu yake. Kwao wazee hawapigi hodi mikono mitupu, na wokovu wao hauruhusu pombe. Akaanza kupakia buti la gari. Alipomaliza akainama dirishani kwa Margareta, mvua inamtiririka puani.

"Niko tayari tangu sombe," alisema.

"Ungesema."

"Nasema sasa."

Simu ya Margareta bado ilikuwa mapajani, Methodi hajakata. "Dada," alisema, "waje. Lakini uwaambie kitu kimoja. Wakifika, mimi siwajui. Sijasikia lolote. Nitawauliza wametoka wapi, na wamepotea njia au vipi. Lazima mzee ajieleze tangu mwanzo kabisa."

"Methodi, umesikia kila kitu."

"Mimi? Mimi leo simu yangu haina chaji." Nyuma yake sauti ya mtoto iliuliza jambo kwa Kiingereza. "Irakoze anataka kujua huyo mtu wa buti anapenda mpira wa kikapu au hapendi."

"Mwambie atamuuliza mwenyewe usiku huu. Na wifi atie mchele mwingi."

Margareta alirudi kwenye gari lake. Baada ya robo saa alikuwa mbele ya nyumba ya mzee, injini inaunguruma, akimwona Nyarugabo anatoka na koti jeusi na fimbo yake ya mikutano, mke wake akimfuata kumnyoosha kola. Mzee akapanda kwa Semahoro. Simu ya Margareta ikaita.

"Marga, mzee anauliza kama kaka yako iko mukali."

"Mwambie ni mkali sana."

Akamsikia anamwambia, na mzee anaguna, kisha anaanza kujizoeza kwa sauti nzito: "Amani iwe nyumbani humu. Sisi ni wapita njia..."

Margareta akawasha taa ya kugeuka, akaingia barabarani wa kwanza, akapunguza mwendo mpaka ile Toyota ikamfuata nyuma, kisha akashika njia ya kusini.