Chupa ya Wade Penye Kibao cha Msafara

Yaliyompata Tawnya, jirani yangu hapa Nebraska, yamenifanya niyaogope maji. Bomba la kwao liliganda kwa baridi, mtoto wake Wade analilia maziwa, basi akampakia garini wakaenda kukinga maji kwenye chemchemi ya barabarani, penye kile kibao cha chuma cha kumbukumbu ya watoto wa msafara wa walowezi wa zamani waliokufa kwa kipindupindu wakazikwa hapo hapo.

"Maji ya kwanza wamwagie wale watoto," mama mkwe wake, Marlys, alimwambia kabla hajaondoka.

"Mama, wamekufa zamani. Kiu wataitoa wapi?"

Alipofika, giza la theluji lilishatanda. Akajaza chupa ya Wade kwanza, akatia maziwa ya unga, akaiweka chini ya kibao, akageuka kukinga dumu. Nyuma yake akasikia kitu kinanyonya, fyo, fyo, fyo, kwa pupa. Akadhani ni Wade, lakini Wade alikuwa garini, milango imefungwa, amechoka kulia, amelala.

Chupa ilikuwa tupu. Chuchu yake imejaa ute wa kijivu unaonuka matapishi, ukamchuruzika vidoleni, naye akatapika. Wade hajaota hata jino moja. Chuchu ilikuwa imetafunwa, na alama za meno hazikuwa za mdomo mmoja.